Mfungaji Niliyemwambia Asubiri

Walimu vijana wa michezo, nanyi wanafunzi mnaovaa jezi za shule, kila nikialikwa kuzungumza nanyi naulizwa swali lilelile: Mwalimu, kipaji kinaibuliwaje? Kipaji hakina haja ya kuibuliwa. Tupa mpira katikati ya watoto arobaini, ukae pembeni na kikombe chako cha chai, kabla chai haijapoa utakuwa umekiona. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mchezaji wa shule anaagwaje. Nimefundisha Jiografia asubuhi na netiboli jioni kwa zaidi ya miaka thelathini, katika shule moja ya njia ya Ipinda, na hapo pa kuaga ndipo nilipoharibu.

Mchezaji wa klabu hustaafu akiwa mtu mzima. Mtoto wa shule anastaafu siku anayokabidhi karatasi ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne, akiwa na miaka kumi na minane, magoti yake yakiwa mazima kabisa. Mwezi wa sita anabebwa juujuu, jina lake linaimbwa mpaka sokoni Kyela. Mwaka unaofuata akipita getini, mlinzi anamuuliza anamtafuta nani. Sisi tuliombeba ndio tunaomsahau kwanza, kwa sababu tumeshapata mwingine wa kumbeba.

Aliyenipokea kazini ni Mwalimu Asajile, mzee mfupi wa hapa hapa Unyakyusa, mwenye filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliyajua mambo ambayo chuoni hawakunifundisha. Chokaa ikikosekana, alichoma pumba za mpunga mpaka ziive kuwa majivu meupe, akayachanganya na maji kidogo, mistari ya uwanja ikatoka imenyooka na mvua ndogo haikuifuta. Masika uwanja ukigeuka bwawa, alitupeleka kufanyia mazoezi juu ya tuta la barabara, wachezaji wakikimbia kwa mstari mmoja na sisi tukiwapisha wenye baiskeli. Kucha alizikagua mwenyewe siku moja kabla, maana mwamuzi akizikuta ndefu anakutolea mchezaji, nawe unabaki kulaumu uchawi.

Alinifundisha pia habari ya chakula, ingawa hilo nilisubiri mpaka niaibike. Mechi yangu ya kwanza ugenini niliwalisha wasichana ubwabwa na samaki mbasa mpaka wakafungua vishikizo. Nilitaka wajue mwalimu mpya hana uchoyo. Wapinzani wetu walikuwa wamekula ndizi mbili mbili za kuchemsha. Kipindi cha pili mlinzi wangu alikaa chini katikati ya uwanja, akasema, "Mwalimu, naomba nipumzike kwanza." Mzee Asajile hakunigombeza. Alisema tu kwamba mchele wa Kyela ni mzuri sana, hasa baada ya mechi.

Kitu kimoja cha mzee yule sikukipenda. Mechi ya mwisho ya mwaka ikiisha, wachezaji wa kidato cha nne walifua jezi zao wenyewe, wakazipiga pasi ya mkaa, na asubuhi ya Jumatatu walisimama mbele ya shule nzima. Kila mmoja alimvalisha jezi yake yule atakayeipokea. Kisha mzee alimtazama usoni, akamtaja jina kamili, akasema, "Umemaliza. Hakuna atakayekuja kukuita tena. Ndaga fijo, asante sana." Watoto walilia mbele ya wenzao. Nilimfuata ofisini nikamwambia jambo hili ni la kikatili, watoto hawaambiwi hivyo.

Akanijibu, "Mwanangu, msibani watu wanalia siku zao, kisha matanga yanaanuliwa. Yasipoanuliwa, ndugu wanaendelea kulala nje, na mvua inawakuta hukohuko."

Alipostaafu nikaufuta utaratibu ule wiki ileile. Nilijiona mtu wa kisasa. Mahali pake niliweka soda, biskuti na hotuba yangu ya kila mwaka: huu si mwisho, ni mwanzo. Watoto walipiga makofi. Walitoka getini wakiamini kuna kitu kinaanza, wakafika nyumbani wakakuta mpunga unangoja kupaliliwa. Uongo ule nilikuwa nauteremsha kwa soda ya baridi, na kila mwaka niliona umewaingia vizuri.

Sasa niwaambie habari za Bupe. Si jina lake, nimempa hili ili aishi kwa amani na majirani zake. Alitoka Ikombe, upande ule wa ziwa ambako wanawake Wakisi wanafinyanga vyungu, na mama yake alikuwa mmoja wao. Kwa kuwa kwao ni mbali, alipanga chumba Ipinda na wenzake wawili. Alikuwa mfungaji. Tangu utoto alikuwa amekanda udongo, na mikono yake ilijua uzito wa kitu kabla hajakiangalia. Wafungaji wengi wanarusha mpira wakilitazama goli kwa mbele, Bupe alitazama ukingo wa nyuma wa ringi, akakunja magoti kidogo na kuurusha juu kuliko wengine, mpira ukashuka wima. Nimejaribu kuwafundisha wengine mtupo ule. Wameuweza nusu nusu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa na daraja la nne, la mkiani kabisa. Akaja shuleni, hakulia. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu akauliza, "Mwalimu, kesho jioni saa kumi nitakuwa nafanya nini?"

Saa kumi ndiyo saa ya mazoezi. Lile lilikuwa swali la haki, na lilihitaji jibu la mtu mzima. Ningemwambia: kesho saa kumi itauma, keshokutwa itauma kidogo zaidi, mwezi ukiisha utashangaa umepita saa kumi bila kuangalia jua. Ningemtafutia kitu cha kufanya saa hiyo. Badala yake nikamwambia, "Njoo uwanjani kama kawaida."

Nilisema hivyo kwa huruma, na pia kwa tamaa ya kombe, na msiniulize ipi ilikuwa kubwa. Nilimhamishia nyumbani kwangu, akawa anamsaidia mke wangu asubuhi na kufanya mazoezi na timu jioni. Ilipokaribia michezo ya wilaya nikamfanya mamluki. Wengine wenu mnacheka kwa sababu mnajua. Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi anayechezeshwa kwa jina la mwanafunzi, na enzi zile shule iliyokuwa haina mamluki ilikuwa haijajiandaa.

Mwenye jina alikuwa binti wa kidato cha tatu, nitamwita Sekela. Mpira ukimjia alikuwa anajikinga uso kwa daftari. Baba yake alikuwa mjumbe wa bodi ya shule na alilitaka kombe kuliko mimi. Alisema, "Mwalimu, tumia tu. Jina haliishi kwa kutumiwa." Nikabandika picha ya Bupe kwenye fomu ya Sekela, nikagonga mhuri nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari. Siku za mashindano Sekela alibaki kwao na kukatazwa kutoka.

Kazi ngumu ilikuwa kumzoesha Bupe. Wenzake wakiita "Sekela" uwanjani, hakugeuka, na mpira ulimpita. Nikapiga marufuku jina lake. Atakayesema Bupe anazunguka uwanja mara kumi. Wiki ya tatu, tukiwa mezani kwangu, nilimwita Bupe anipitishie chumvi. Aliendelea kula. Mke wangu aliniangalia, akainuka akanipa chumvi yeye.

Tulitwaa kombe la mkoa. Sitaki kuidogosha siku ile, maana Bupe hakuwa na kosa nayo. Alifunga kutoka kila pembe ya duara, mlinzi wa wapinzani, msichana aliyemzidi kichwa kizima, mwishoni akawa anashusha mikono na kutazama tu. Mwamuzi alipotangaza mfungaji bora aliita jina la Sekela, na Bupe akatembea kwenda kupokea cheti kwa jina hilo. Cheti kilitundikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Sekela wa kweli kila alipopita kwenye dirisha lile aligeuza uso.

Kama miezi miwili baadaye ikaja barua. Ilitoka kwa timu moja ya Dar es Salaam, timu ya taasisi inayowaajiri wachezaji wake. Watu wao walikuwepo kwenye fainali. Walimtaka Sekela aende kwa majaribio, na aende na cheti cha kuzaliwa na cha shule. Mkuu aliniita, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, sasa?"

Tulikaa mle asubuhi nzima. Kusema ukweli kulikuwa na maana ya kurudisha kombe, shule kufungiwa, na sisi wawili kuitwa na wakubwa. Kumpeleka Bupe kama Sekela kusingewezekana, vyeti vingemkataa. Mkuu akasema tumpe siku mbili wazo lije. Mimi sikungoja siku mbili. Nilichukua karatasi yenye nembo ya shule nikaandika kwa mkono wangu kwamba mchezaji tajwa amepata jeraha la goti na hataweza kuendelea na mchezo. Mkuu akasaini bila kusoma mara ya pili. Nikapanda gari hadi Kyela, nikaiposti, nikakaa mgahawani nikaagiza supu na chapati mbili. Nilikula vizuri, na mpaka leo hilo linaniudhi kuliko barua yenyewe.

Ningeweza basi kumwambia hata yeye. Jioni ile aliniuliza kama wale watu wa fainali wamesema chochote. Mechi za mwaka uliofuata zilikuwa kichwani mwangu tayari. Nikamwambia, "Walikupenda sana. Subiri, mambo haya huchukua muda."

Na mtoto akasubiri. Aliamka alfajiri akakimbia mpaka darajani na kurudi, kila siku, hata masika matope yakiwa ya kufika kwenye vifundo. Kanisa lilipotoa nafasi ya kujifunza cherehani, alikataa kwa sababu masomo yalikuwa jioni. Kijana mmoja mwenye shamba zuri la kokoa kule Njisi alituma wazee, akawajibu kwa heshima kwamba anasubiri safari. Gari geni likisimama barabarani, alikwenda kunawa miguu. Yote hayo nilikuwa nayaona nikiwa kibarazani kwangu. Vijana, mimi si mtu mkatili, waulizeni wanafunzi wangu. Nilikuwa mtu mwema mwenye ratiba ya mashindano, na ndivyo nilivyoweza.

Mwaka uliofuata tulitolewa nusu fainali. Baadaye waliongeza ukaguzi, kila mchezaji akalinganishwa na namba yake ya mtihani, na siku hizi wana kishkwambi kinachotoa picha ya mwanafunzi hapohapo uwanjani. Mimi wa majivu ya pumba sikuwa na ujanja wa kukishinda kile. Mamluki wakaisha, na Bupe akawa hana kazi kwangu. Aliondoka asubuhi moja na begi lake. Sikuwepo, nilikuwa Mbeya kwenye semina ya maadili katika michezo. Najua, chekeni.

Mke wangu ndiye aliyemuaga. Aliniambia, "Ameacha namba ya jirani yao mwenye simu. Amesema wakipiga wale watu, uwape hiyo."

Niliiandika kwenye daftari la timu. Sikuwahi kuipiga.

Tangu siku hiyo niliurudisha utaratibu wa Mzee Asajile, bila kumwambia mtu kwa nini. Nimejifunza mengi kwa wale waliofuata, na haya ndiyo nimeyabeba kwenu. Mwalimu, mwambie mchezaji wako mwezi wa pili, si siku ya mwisho, kwamba mechi fulani ndiyo yake ya mwisho, na aicheze akijua. Usimwambie kuna watu watakuja kama hujawaona kwa macho. Nanyi wachezaji, msiache kukimbia ghafla, mwili uliozoea hukasirika, usingizi unapotea na tumbo linaendelea kudai sahani ya mchezaji. Punguzeni taratibu. Saa kumi itafuteni kazi ya mikono, hata kuanua kokoa. Msiende kusimama kwenye uzio kutazama wenzenu mwaka wa kwanza, watawapungia mkono mara mbili, mara ya tatu watawaambia mwokote mpira. Na mkiumia semeni mmeumia. Mtu aliyefiwa hapewi hotuba ya mwanzo mpya.

Basi nikastaafu. Shule ilinifanyia sherehe, nikapewa godoro na hotuba. Niwaambie hotuba ilisemaje? Huu si mwisho, ni mwanzo. Aliyeisoma nilimfundisha mwenyewe. Jumatatu yake ilipofika saa kumi nilikuwa nimekaa kibarazani, na mikono yangu sikujua pa kuiweka. Ndipo swali la yule binti lilipoanza kunisumbua, na halikunipa nafasi. Nikaamua kwamba nitamtafuta nimwambie kweli yote. Niliona ni jambo la haki. Mke wangu aliuliza, "Haki kwa nani?" Nikamjibu kwamba wanawake wana maswali mengi.

Jumamosi vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kwenye mnada wa Lyulilo, mbele kidogo ya Matema. Nilipanda bodaboda kutoka Ipinda. Vyungu vilikuwa vimepangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo, na nyasi katikati ili visigongane. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa anainua chungu, kwa ncha za vidole. Amekuwa mama wa mwili, ana watoto wanne. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama wa nyumbani mzima? Karibu ukae." Akanifutia gogo kwa kanga yake, akanieleza kwamba mumewe ni mvuvi na mtoto wake mkubwa yupo darasa la sita. Alikuwa na furaha kuniona. Nawaomba mlikumbuke hilo, alikuwa na furaha.

Nikamweleza. Nilimweleza barua ilivyokuja, ilivyomtaka, jeraha la goti nililolitunga, supu na chapati, kila kitu, nikijisifu moyoni kwa kutobakiza. Alinisikiliza huku anagonga chungu kwa kifundo cha kidole kumwonyesha mteja kwamba hakina ufa. Mteja akaenda kuangalia vingine. Yeye akaendelea kukigonga.

"Barua ilikuja mwezi gani?"

"Wa nane. Mwishoni."

"Mwezi wa nane nilikuwa bado nakimbia mpaka darajani," akasema.

Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Nikamwambia nipo tayari kwenda nawe wilayani, nieleze mbele ya watu wote, cheti kiandikwe upya. Akakiweka chungu chini kwenye nyasi, akahakikisha kimekaa.

"Samahani nimeipokea, Mwalimu. Wewe ulinilisha. Lakini wilayani siendi." Kisha akasogeza nyasi kati ya vyungu viwili, na aliposema tena hakunitazama. "Miaka yote hii nilijua waliniona, wakaona sifai. Niliumia, nikalia na mama, nikaacha. Nikaolewa. Nikajifunza vyungu vizuri, kwa sababu nilijua mpira sikuuweza. Nililala usingizi kwa sababu hiyo. Sasa umekuja kuniambia nilifaa. Hilo nilipeleke wapi?"

Niliinuka kwenye gogo. Nilibaki nimesimama palepale, kofia mkononi, mpaka mama mmoja aliyetaka kununua akaniomba nisogee kidogo aone vyungu.